Bango limeandikwa “stationary”: maneno ya Kiingereza yanayolingana sauti yalitoka wapi?

“Shikamoo mwalimu. Nina duka la steshenari karibu na chuo, hapa Morogoro. Nimemlipa fundi akanichorea bango, akaandika STATIONARY. Wanafunzi wakipita wanacheka, wanasema nimetangaza duka lisilotembea. Fundi anasema maneno yote mawili yanatamkwa sawa, kwa hiyo hakuna kosa, na Kiingereza hakina kanuni. Nyumbani nako binti yangu wa kidato cha pili anachanganya their na there, flour na flower, affect na effect, hata live na leave. Orodha ya mwalimu wake ameikariri yote, lakini kwenye insha anarudia makosa yale yale. Kwa nini Waingereza waliweka maneno mengi ya kufanana namna hii? Yana asili moja? Nifute bango? Na mtoto nimsaidieje?”

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kuchekwa mbele ya duka lako mwenyewe. Nianze na bango, maana naona ndilo linalokuuma zaidi.

Wanafunzi wako sahihi. Kwa tahajia ya leo, kalamu, madaftari, bahasha na karatasi za fotokopi ni “stationery”, yenye e. “Stationary” yenye a ni sifa ya kitu kilichotulia mahali pake, kama basi lililosimama kwenye foleni. Fundi naye ana nusu ya ukweli: kwenye matamshi, hayo mawili hayatofautiani. Alikopotea ni kudhani kwamba sauti zikilingana, basi maandishi ni hiari ya mwenye brashi.

Hata hivyo, katika kicheko cha wanafunzi wako mna jambo ambalo nadhani wao wenyewe hawalijui. “Duka lisilotembea” ndiyo maana ya asili ya neno lako. Kilatini cha Zama za Kati kilikuwa na neno “stationarius”, yaani mtu mwenye kituo. Wachuuzi wengi wa Ulaya enzi hizo walizunguka na bidhaa zao kutoka gulio moja hadi jingine. Wauza vitabu wa kandokando ya vyuo vikuu hawakuzunguka. Walikuwa na mahali pao, na wasomi ndio waliowafuata. Waingereza wakawaita “stationer”. London walikuwa na chama chao tangu 1403, na mwaka 1557 chama hicho kikapewa hati ya kifalme. Vitu vilivyouzwa na stationer vikaitwa “stationery”, kama vile baker alivyozaa “bakery”, na grocer akazaa “grocery”, ambayo sisi Watanzania tumeifanya baa. Ile e, basi, inatoka kwa mwenye duka, kwenye mwisho wa jina la kazi yake. Walimu wengi hufundisha kwamba e ni ya “envelope”, na hila hiyo inafanya kazi. Mimi napenda zaidi kumkumbuka yule muuza vitabu, kwa sababu yeye ndiye sababu yenyewe.

Maneno yote mawili, pamoja na “station” iliyotupa sisi stesheni, yanarudi kwenye kitenzi kimoja cha Kilatini chenye maana ya kusimama. Kwa hiyo kwa bango lako jibu ni ndiyo, asili ni moja. Lakini usilitetee kwa hoja hiyo, maana mteja hasomi historia, anasoma herufi. Mwite fundi abadili A iwe E. Ni kazi ya dakika chache na rangi kidogo. Ukitaka kuondokana na kesi hiyo kabisa, andika STESHENARI kwa Kiswahili, hakuna atakayekukosoa. Jambo moja tu la kuangalia kabla ya brashi: kama jina la biashara limesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, likiwa na neno hilo, tazama cheti kilivyoandikwa. Kama na kule limeingia na a, waulize utaratibu wa kurekebisha, ili bango, leseni na risiti visije vikatofautiana.

Sasa niingie kwenye swali lako kubwa. Umeuliza kwa nini Waingereza “waliweka” maneno haya. Hakuna aliyeyaweka. Nalisisitiza hili kwa sababu sisi tumezoea lugha ambayo tahajia yake ilikaliwa kikao. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya Kiswahili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, Kiunguja kikawa msingi, na maandishi yakasanifishwa. Ndiyo maana mtoto wa darasa la pili akijua silabi zake anaweza kuandika karibu neno lolote la Kiswahili analolisikia. Kiingereza hakikupata kikao cha namna hiyo. Tahajia yake ilijengwa kidogo kidogo na makarani, kisha na wachapaji, baada ya William Caxton kufungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster mwaka 1476. Na balaa ni kwamba wakati maandishi yanaanza kutulia, matamshi ndiyo kwanza yalikuwa yanahama.

Kuhama huko ndiko kulikozaa sehemu kubwa ya usumbufu wa binti yako. Kati ya takriban 1400 na 1700, irabu ndefu za Kiingereza zilibadilika karibu zote. Chukua “meet”, kukutana, na “meat”, nyama. Miaka 600 iliyopita hakuna Mwingereza aliyeyachanganya. “Meet” ilikuwa na irabu iliyokaribia ile ee ya neno letu mzee, na “meat” ilitamkwa kwa mdomo uliofunguka zaidi. Baadaye ya kwanza ikapanda ikawa ii, ya pili ikafuata nyuma yake, na mwishowe zikakutana. Sauti zikawa moja, lakini herufi zilibaki zinashuhudia tofauti ya zamani. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa “see” na “sea”, “week” na “weak”, “heel” na “heal”, “steel” na “steal”. Kila unapoona ee upande mmoja na ea upande wa pili, ujue mara nyingi ulikuwa na maneno mawili tofauti ambayo yaligongana njiani. Maneno machache yenye ea yaligoma kuhama na wenzake, ndiyo maana “great”, “break” na “steak” hutamkwa tofauti na “meat”. Na kwa kuwa tuko hapo: “meat” zamani haikuwa nyama tu, ilikuwa chakula chochote. Masalia yake yapo kwenye “sweetmeat”, ambayo ni peremende na vitu vitamu, wala haina nyama ndani.

Migongano mingine ilitokea kwa sababu konsonanti zilikufa. “Night” ni usiku, “knight” ni yule askari wa farasi wa enzi za wafalme, ambaye jina lake hapo mwanzo lilimaanisha kijana au mtumishi tu. K ya “knight” ilitamkwa waziwazi mpaka karne ya 17 hivi, na gh ya yote mawili ilikuwa sauti ya kooni, karibu na kh ya Kiarabu. Wajerumani bado wanazitamka katika maneno yao ya ukoo huo, “Nacht” na “Knecht”. Kwa njia hiyo hiyo “know” ikaja kulingana na “no”, na “write” ikalingana na “right”.

Hii “two” ya mbili nayo ina w ambayo wanafunzi huiona ya ajabu. Iweke pamoja na ndugu zake: “twelve”, “twenty”, “twice”, “twin”, “between”. Kwa hao wote w inasikika, na wote wana habari ya mbili. “To” na “too” ni kisa kingine, maana hayo kwa asili ni neno moja. Lilipotamkwa kwa mkazo likimaanisha “pia” au “kupita kiasi”, likaongezewa o ya pili.

Nisikudanganye lakini kwamba kila herufi bubu ni kumbukumbu ya kweli. Nyingine zilipachikwa. S ya “island” haikuwahi kutamkwa na mtu yeyote. Neno hilo la kale la Kiingereza halikuwa na s, ila wasomi walilifananisha na “isle”, lenye asili ya Kilatini, wakaiingiza. B ya “doubt” ilirudishwa ili neno lifanane na Kilatini, ingawa lilikuja Uingereza kutoka Ufaransa likiwa halina b. W ya “whole” ilibandikwa tu kwenye karne ya 15, na kama isingebandikwa tungeuona upesi udugu wake na “heal” na “health”. Kwa hizi hakuna la kufanya isipokuwa kuzizoea.

“Their” na “there” tuyatazame kwa utulivu, kwa sababu ndiyo makosa ninayokutana nayo zaidi kwenye insha. Yaliingia kwenye Kiingereza kwa njia mbili tofauti. “There” ni neno la Kiingereza cha kale, nalo lina ndugu wawili: “here” na “where”. Hapa, pale, wapi. Yote matatu ni ya mahali, na yote matatu yanaishia na -ere. “Their” ni mgeni. Ililetwa na Wavikingi, mabaharia wa Skandinavia walioanza kuvamia Uingereza mwishoni mwa karne ya 8, kisha katika karne ya 9 wakahamia kaskazini na mashariki mwake. Walikuja na “they”, “them” na “their”, na Waingereza wakayapokea mpaka yakafuta viwakilishi vyao vya zamani. Binti yako akijifunza “their” akiwa na “they”, yaani wao na -ao, na “there” akiwa na “here”, yaani pale na hapa, atakuwa na mahali pa kuishika kila moja. Ndani ya “their” mnaonekana “heir”, mrithi. Ni bahati nasibu tu, hayana uhusiano, lakini kama inamsaidia kukumbuka kwamba hii ni ya kumiliki, aitumie.

Sasa “flour” na “flower”. Hapa jibu linashangaza wengi: ni neno moja. Kifaransa cha kale kiliita ua “flor” au “flour”, kutoka Kilatini, na ua kwa mfano likawa sehemu bora ya kitu chochote. Ngano ikisagwa kisha ikachekechwa, ile sehemu nyeupe laini inayobaki baada ya kutoa pumba iliitwa ua la unga. Wafaransa mpaka leo wana msemo “fleur de farine”. Kwa mahindi yetu, dona lisingestahili jina hilo. Sembe ndiyo ingeitwa ua. Kwa muda mrefu Waingereza waliandika maana zote mbili kwa namna yoyote, na hata kamusi maarufu ya Samuel Johnson ya 1755 haikuwa imeyatenganisha. Tahajia mbili zilizoea kugawana kazi baadaye: “flower” ya bustani, “flour” ya jikoni. Mwambie binti yako akikosea hapo anafanya kilichokuwa sawa kabisa miaka 300 iliyopita, ila msahihishaji wa leo hatamwelewa.

Jozi za aina hii, neno moja lililopasuka, si chache. “Metal” ni metali, kama chuma au shaba, “mettle” ni uimara wa moyo wa mtu, na zamani zilikuwa neno moja. “Complement”, kitu kinachokamilisha, na “compliment”, maneno ya kumsifu mtu, yote yanatoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kujaza. La pili lilizunguka kupitia Hispania, Italia na Ufaransa likijifunza adabu njiani.

Katikati ya hao waliogongana na hao waliopasuka wapo mabinamu: maneno mawili tofauti yenye babu mmoja. “Affect” na “effect” ni hao. Yamejengwa juu ya kitenzi cha Kilatini cha kufanya. Moja lina kiambishi cha kuelekea kitu, la pili kiambishi cha kutoka nje. “Affect” ni kukifanyia kitu jambo, “effect” ni kinachotoka baada ya hapo. Kwa bahati, Kiswahili kina jozi inayofanya kazi hiyo hiyo, na asili yake ya Kiarabu ni moja pia: kuathiri na athari. Ukame unaathiri mavuno, hapo ni “affect”. Athari za ukame, hapo ni “effect”. Binti yako ajiulize kwa Kiswahili kabla ya kuandika: hapa ningesema kuathiri au athari? Yapo mazingira machache ambapo “effect” huwa kitenzi, ikimaanisha kuleta mabadiliko mpaka yatimie, lakini kwa kidato cha pili asihangaike nayo.

“Principal” na “principle” nayo ni mabinamu, kwa babu mwenye maana ya aliye wa kwanza. La kwanza ni mkuu, kama mkuu wa chuo. La pili ni kanuni. Nakutajia wewe hasa, mfanyabiashara, kwa sababu “principal” utakutana nayo kwenye karatasi za mkopo, ikimaanisha fedha zenyewe ulizokopa kabla ya riba. Kwenye mkataba usikisie neno. Muulize afisa mikopo akueleze kwa Kiswahili mbele ya karatasi, na kama kiasi ni kikubwa, mpelekee mwanasheria ausome kabla hujaweka saini.

Nimebakiza “live” na “leave”, na hizi ni shauri tofauti kabisa. Kwa Mwingereza hazilingani sauti. Zinalingana kwetu. Kiswahili kina irabu tano; Kiingereza sanifu cha Uingereza, ukihesabu na zile za mchanganyiko, kina takriban 20. Sikio lililolelewa na irabu tano linachukua sauti tatu au nne za kigeni na kuziweka chini ya moja inayolifahamu. Ndiyo maana “ship” na “sheep”, “fill” na “feel”, “hat”, “hut” na “heart”, hutoka midomoni mwetu zikiwa pacha. Hapa asili ya maneno haitamsaidia kitu. Dawa ni masikio: kamusi za kwenye simu zina sauti, asikilize neno moja, kisha jingine, ajirekodi, ajisikilize. Na tusikuze mambo. Kuongea Kiingereza kwa lafudhi ya Morogoro si kosa la kumtia mtoto aibu. Kosa ni akiandika “I leave in Morogoro”, maana msomaji atadhani anaondoka.

Kwa nini basi orodha haikumsaidia? Kwa uzoefu wangu wa kufundisha, orodha ndiyo sehemu ya tatizo. Inayaweka maneno mawili yanayochanganya ubavu kwa ubavu, na mtoto anayakariri pamoja. Siku ya insha akilihitaji moja, yanakuja yote mawili, naye anabahatisha. Afadhali ajifunze moja kwanza, akiwa na ndugu zake na sentensi tatu au nne za maisha yake mwenyewe, mpaka limkae. Wiki nyingine ndipo aguse la pili. Kisha msomee imla ya sentensi nzima, si maneno matupu, kwa sababu ni sentensi inayosema ni lipi linatakiwa. Sisi wenyewe tunafanya hivyo kila siku bila kujua: mtu akisema “paa”, unajua kama ni la nyumba, ni mnyama, au ndege anapanda juu, kwa maneno yaliyo jirani.

Hila za kukumbukia ni za haraka na zinafaa kwa mtihani, ila zikiwa nyingi nazo huchanganyana. Asili ya maneno huchukua muda na haifai kwa kila jozi, lakini ikikubali haisahauliki. Kisahihishi cha simu kisimpe matumaini makubwa: “there” na “their” yote ni maneno halali, kwa hiyo mara nyingi hakistuki, na chumba cha mtihani hakina simu.

Mwisho, mchunguze kwa Kiswahili. Mpe aya moja aisome kwa sauti, kisha nyingine umsomee aandike. Akifanya vizuri, shida yake ni Kiingereza tu na mazoezi yatamtoa. Lakini ukiona hata kwa Kiswahili, lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa, anaruka silabi, anageuza b na d, au anasoma kwa kujikokota kuliko wenzake, orodha wala historia havitatosha. Mpeleke kwanza hospitali akapimwe macho na masikio, kisha zungumza na mwalimu wake wa darasa na umwombe akuunganishe na mwalimu wa elimu maalumu. Huenda ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, ambayo haina uhusiano na uvivu wala upungufu wa akili, na ina njia zake za kufundishwa. Nenda na madaftari yake mawili, la Kiswahili na la Kiingereza, ya muhula huu na ya mwaka jana, ili mwalimu aone makosa yanavyojirudia badala ya kusikia maelezo tu.